Aziza Atarudi Shule

Sikilizeni, wanangu, na wewe Daudi usiangalie chini, maana mimi Kadidja mama yenu kifua kimeharibika, lakini akili yangu iko nzima, na hasira yangu pia.

Jana umesema dada yako Aziza hatarudi shule, aolewe kule kijijini Opala, kwa sababu kusoma kumeua watu katika mji huu. Nani amekudanganya? Ulipokuwa mutoto nilikupeleka shule ya misioni, na yule padri, hata kitini hakuinuka, akaniambia: «Mama, abatizwe kwanza.» Baba yako akakataa, sisi ni Waislamu tangu kwa mababu, donc, basi, mulango wa shule ukafungwa, ukakua unabeba magunia bandarini. Uhuru ukaja, tukacheza barabarani mupaka viatu vikakatika. Kesho yake wenye papier, vyeti vya shule, wakaingia ofisini, na wewe ukarudi kwa magunia. Uhuru gani huo, wa mutu asiyeweza kusoma jina lake?

Ndiyo maana waasi walipouteka mji huu ukawafuata. Walikupa mukuki, hakuna mwingine aliyewahi kukupa kitu. Lakini wakamukamata jirani yetu Mwalimu Michel, Mukristo aliyekuwa anamufundisha Aziza jikoni kwangu bila kuuliza dini yake, wakamuua kwa kuwa alivaa miwani na alijua Kifaransa, na wewe ulisimama pale na mukuki wako! Nilikuita umuokoe. Ulisikia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini mimi nilikufunza, Daudi!

Walikufungia wewe mulango wa shule kwa dini yako; leo unamufungia dada yako kwa kuwa ni mwanamuke. Wewe na padri yule muko na tofauti gani?

Bon. Nyumba hii ya Mangobo nimemupa Aziza, leo ningali hai, mbele ya Mama Agathe, mujane wa Michel, huyu aliyekaa hapa. Mutu asiiuze. Mutu asimuoze kabla hajamaliza masomo. Daudi, shamba la baba yenu ng'ambo ya muto ni lako: lima, umusomeshe dada yako. Na musamaha wa Mama Agathe utauomba mwenyewe, kwa mudomo wako, mimi sikuombei.

Nipeni maji… Aziza, Mungu akupe ulimi usioogopa. Daudi… wewe pia nilikuzaa, Mungu akulainishe moyo. Pumzi… inakataa. Kengele ya shule imelia, munasikia? Musikae hapa kuningoja nife. Aziza, vaa viatu. Daudi, musindikize. Nendeni… nimesema, nendeni.