Jina Langu kwenye Wimbo wa Gregori

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi la Chama, Ndugu Meneja wa kiwanda chetu cha sabuni, Baba Padri Gozbert, Shehe wetu wa mtaa, wazee wa Temeke mliokaa mbele kwa haki yenu, akina mama mlioko jikoni na pilau lenu linalotutesa kwa harufu, wanamuziki wenzangu wa Yombo Jazz, na wewe ndugu yangu Gregori, mwenye siku yako leo: wakubwa shikamooni, wadogo nisalimieni wenyewe.

Kwa wasionijua, naitwa Mwinshehe. Napuliza saksafoni Yombo Jazz, na ni katibu wake tangu ilipoanza mwaka sitini na mbili. Mie na Gregori tunapakana ukuta kwa ukuta. Ndugu Meneja amemsifu kwa miaka ishirini ya kuchemsha sabuni bila kuchelewa hata siku moja, na ni kweli tupu. Lakini tuambizane, jamani, nani kati yenu amekuja hapa kwa ajili ya sabuni? Mmekuja kwa ajili ya gitaa lile.

Alhamisi Gregori anapanda meli ya Mtwara, anarudi kwao Ndanda moja kwa moja. Anaondoka na gitaa lake, magunia mawili, na haja moja ambayo hakuna aliyemtimizia. Wiki iliyopita tulikaa barazani kwake, akaniambia, "Mwinshehe, sura ya Anjelina ninayo kwenye picha. Sauti yake ndiyo inanitoka. Nikijaribu kuikumbuka, najisikia mwenyewe." Anjelina ni marehemu mkewe, huu mwaka wa tano. Nikasingizia chai inapoa. Leo nataka kumjibu, ndiyo maana nimeomba kipaza sauti, na nitakayoyasema si ya kupigiwa makofi.

Mwaka sitini na tisa kampuni moja ya santuri ilituita Nairobi. Redio yetu hapa ilikuwa inaturekodi na kutupiga, lakini santuri ya kushika mkononi ilibidi kuifuata huko. Kabla ya safari tukafanya mkutano. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili, damu zinachemka, kila mtu anataka kuwa mjamaa kuliko mwenzake! Tukapitisha kwa kauli moja kwamba wimbo hauna mwenyewe, wimbo ni wa bendi nzima, kama shamba la kijiji. Na hoja ile aliitoa nani? Aliitoa Gregori, aliyekuwa ametunga nyimbo zote nane tulizokuwa tunazipeleka. Nilimwona mtu mkubwa siku ile, na mpaka leo namwona hivyo.

Tukafika, tukawekewa mkataba mezani. Penye mtunzi nikaandika "Bendi nzima". Yule bwana wa kampuni akacheka, akapiga mstari. Alitaka jina la mtu mmoja, aliye hai, mwenye sanduku la posta. Sanduku la posta kati yetu alikuwa nalo nani? Mie peke yangu. Gregori akasema, "Andika lako, Mwinshehe, si ni sisi wote?" Nikaandika. Nyimbo nane zikawa zangu, mie ambaye sijatunga hata wimbo wa kubembelezea mtoto.

Wimbo wa nane uliitwa "Jiko la Udongo". Kondo, mwimbaji wetu, baridi ya kule ilikuwa imemkaba koo. Kondo, usinikodolee macho, ndivyo ilivyokuwa! Anjelina tulikwenda naye atupikie, maana vyakula vya hoteli vilitushinda bei. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la ngoma anamenya vitunguu. Gregori akamwambia, "Njoo uimbe wewe, si ndiyo maneno yako ya kila siku?" Akasimama na kanga yake begani, akaimba, "Ukirudi gonga taratibu, watoto wamelala." Aliimba mara moja tu. Fundi wa mitambo akasema hakuna haja ya kurudia. Gregori akageukia ukutani.

Santuri tatu zikatoka, zimeandikwa jina la bendi tu, mkazicheza mpaka mkazimaliza. Ya nne, yenye wimbo huo, haikufika madukani. Gregori akawa ananiuliza kila mwaka, "Hivi kampuni haijajibu?" Nami namwambia, "Bado, ndugu yangu." Mwaka sabini na tatu, Anjelina yuko hoi kitandani, akaniuliza yeye mwenyewe kwa sauti ya chini, "Shemeji, nilisikika vizuri?" Nikamwambia bado haijafika. Siku tisa baadaye tukamzika.

Ndugu zangu, nilikuwa naongopa.

Santuri ya mfano ilifika kwenye sanduku langu mwaka sabini. Nikaifungua palepale posta, nikaona jina langu limechapwa kwa herufi za dhahabu, mtunzi Mwinshehe, na la Gregori halipo popote. Nikaona haya. Nikasema nitaificha siku mbili nitafute la kumwambia. Siku mbili zikawa mwezi, na mwezi ukipita unamwambiaje mtu?

Mwaka sabini na tano ikaja barua. Kampuni ilikuwa inauza nyimbo zake zote, mia nne na ushee, kwa kampuni ya Ulaya, kwa fedha ambazo hesabu yake ulimi wangu hauiwezi. Kila mtunzi atie saini kuachia haki zake, apewe shilingi mia sita. Hapo ndipo ningesema. Lakini masika yalikuwa yananinyeshea ndani, watoto wanahamisha mkeka kila pembe. Nikatia saini. Gregori, yale mabati yangu, yale uliyopanda mwenyewe juu ukanisaidia kupigilia misumari, ndizo nyimbo zako nane.

Nyamazeni, sijamaliza. Nakala nyingine hatuwezi kuifuata Nairobi, mwaka jana mpaka wa Kenya umefungwa, na hata ungekuwa wazi, ile mikanda iko Ulaya, kwenye ghala fulani, na huko hakuna anayemjua Anjelina ni nani. Mke wangu Mwanabaraka nimemwambia leo asubuhi, na hajanisemesha mpaka sasa. Muoneni pale.

Gregori, sikuombi radhi mbele za watu, maana mtu akiombwa hadharani hana njia ya kukataa. Kesho nitakuja barazani na Padri na Shehe, na utakalolitaka juu ya mabati yale nitalifanya, hata nikirudi kulala na mvua. Nitakukumbuka mpaka niugue, bwana. Nitaamka asubuhi nisubiri ukaze nyuzi zako upande wa pili, na upande wa pili atakuwa mpangaji na watoto wake.

Lakini hii hapa. Imekaa sandukuni chini ya nguo miaka minane, haijapigwa hata mara moja. Sikuthubutu, kwa hiyo haina mkwaruzo. Mkwaruzo uliopo ni hapa katikati tu, penye jina langu. Nimelikwangua kwa kisu asubuhi hii, likatoka nusu.

Albano, toa hiyo uliyoiweka kwenye gramafoni, weka hii, na usiiguse kwa vidole vyenye mafuta. Akina mama, acheni masufuria mje karibu. Kaa hapa mbele, Gregori, kiti kipo.

Mie mmenisikiliza vya kutosha, asanteni sana. Sasa msikilizeni Anjelina.