Apolline na Mwanga Uliopita Kichwani mwa Raphaël

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu popote mlipo, Kasongo, Nyangwe, hadi kule Kabambare. Sogeeni karibu. Leo tunamlilia Apolline Sanga, mkunga wa Kasongo, aliyetutoka Jumapili kwa homa ya mapafu. Ndiye yule Mama Apolline wa tochi.

Alizaliwa Wamaza, kwa wakulima wa mpunga. Ukunga alifundishwa hospitalini Kasongo, wakati ile vita kubwa ya Ulaya haijaisha. Huko daktari mmoja alimwonyesha jambo lililomshangaza. Unafunga madirisha, chumba kinakuwa giza. Unabana tochi juu ya kichwa cha mtoto mchanga, unazungushia kitambaa mwanga usivuje. Kichwa kizima huonyesha duara dogo jekundu tu kando ya tochi. Lakini kichwa kilichovimba kwa maji yaliyojaa ndani, mwanga hukipita mpaka upande wa pili. Hakuna kisu, hakuna sindano. Mtoto hata halii.

Apolline aliipenda kazi hiyo. Akina mama walimletea watoto, naye akawamulika.

Kisha akamzaa Raphaël, mwanawe wa pekee, baada ya kungoja sana. Alimfumia kofia. Haikupita muda, kofia ikakataa kuingia. Akafuma nyingine, nayo ikakataa. Apolline aliona, akajitia haoni. Tochi aliwasha kwa watoto wa wenzake. Kwa wake, hakuthubutu.

Mwishowe, mchana mmoja, alimwomba mumewe Jean-Baptiste, fundi cherehani, afunge madirisha. Akawasha. Kichwa chote cha Raphaël kikawaka, chekundu kama kaa la moto.

"Tazama, mama Raphaël!" Jean-Baptiste akasema kwa furaha. "Mutoto yetu iko na mwanga!"

Apolline akampakata mtoto. Akaketi chini.

"Baba Raphaël, hii si mwanga ya kufurahia. Ni maji. Maji imekamata nafasi ya ubongo."

Jean-Baptiste mwenyewe ametusimulia hayo.

Daktari alimpima mtoto, akasema hana dawa. Mama Véronique, mama mkwe wa Apolline, akataka mjukuu apelekwe kwa mtu wa Nyangwe mwenye wembe, achane kichwa, maji yatoke.

"Mama, unisamehe," Apolline akamwambia. "Wembe haitamugusa. Itamuua na maumivu."

Majirani nao wakaanza kunong'ona: ile tochi yake ndiyo imeleta maji. Uani kwake pakawa kimya. Hakuna aliyepita.

Hata hivyo aliendelea kummulika mwanawe. Na kila alipommulika, mwanga ulipita zaidi. Siku moja Jean-Baptiste akamshika mkono.

"Acha kumuangalia na tochi. Muangalie na macho."

Apolline akaizima. Tangu siku hiyo alimbeba tu, akimwimbia kwa Kibangubangu nyimbo za kwao Wamaza. Raphaël alifariki wakati wa kuvuna karanga, mikononi mwa mama yake.

Wasikilizaji wapendwa, wengi walidhani hatarudi kazini. Alirudi. Mama Julienne wa Kabambare anakumbuka. Alikuja kwa miguu, amembeba mwanawe mwenye kichwa kikubwa, kijiji kizima kimeshamkatia tamaa.

"Mama Apolline alipokamata tochi, alikawia kuiwasha," anasema Julienne. "Nikajua mutoto yangu amekwisha. Akawasha. Giza! Duara kidogo tu. Akacheka, na machozi inatoka. Akaniuliza: 'Baba yake iko na kichwa namna gani?' Nikajibu: 'Kubwa!' Akasema: 'Basi rudi nyumbani, mama. Amemurithi baba yake.'"

Mtoto huyo leo yuko shuleni. Julienne anasema siku ile Apolline alimbusu kichwani, akamshika kifuani muda mrefu, kisha ndipo akamrudisha.

Kwako Jean-Baptiste, kwako Mama Véronique, na kwa ndugu wote wa Wamaza: poleni sana. Kilio chenu ni chetu. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Apolline alipokaa peke yake na mtoto anayekufa, ni nani kati yetu aliyepiga hodi? Pengine sasa hivi, nyumba ya pili kutoka kwako, kuna mama kama yeye. Zima redio, msikilizaji mpendwa. Nenda ukamwone.