Aliyeifundisha Mashine Kusema Kiasi

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mkuu wa chumba cha uendeshaji atakabidhi funguo za milango ya bwawa na kuondoka kazini, baada ya miaka thelathini na minne na miezi minne ya utumishi. Wote mnakaribishwa ukumbini kwa chai na keki. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike ukurasa mmoja, "uwe mchangamfu, watu wacheke kidogo." Nimejitahidi. Mwanzoni mtacheka.

Hakuna anayemwita kwa jina lake la kwenye kitambulisho. Kwetu ni Mzee Kiasi, na jina hilo alibandikwa na mama wa kantini katika mwaka wake wa kwanza hapa. Ukimuuliza sukari vijiko vingapi, anasema kiasi. Umeamkaje leo? Vizuri kiasi. Timu yake imepigwa mabao matano bila, naye anakuambia imecheza vizuri kiasi, ila kipa ndiye aliyezidisha.

Alikuja hapa na cheti cha ufundi wa elektroniki na shati lililofungwa vifungo mpaka kooni. Siku hizo milango yote minne ya bwawa ilifunguliwa kwa mikono, na mwenye mikono hiyo alikuwa mtu mmoja mfupi, mbishi, aliyenuka grisi hata siku za mapumziko, tuliyemwita Mzee wa Milango. Kijana akamwendea na kalamu.

"Mzee, maji yakifika mita ngapi ndiyo unafungua?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Mvua ya milimani. Maji yenyewe yanavyopanda. Na udongo wa bondeni, kama umeshiba au bado una kiu. Sasa nipishe, nina kazi."

Kwa miezi minane jibu lilikuwa hilohilo. Fundi mwingine angekata tamaa, au angechukua rula na kuchora mstari wake mwenyewe. Yeye alikaa kwenye benchi la mbao kando ya usukani wa mlango wa pili na kuandika kila neno lililomtoka yule mbishi: yamejaa kiasi, yanapanda upesi, mvua si haba, fungua kidogo lakini mapema. Daftari la mraba likajaa. Alipolichuja, akabaki na kanuni arobaini na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na namba.

Siku hizi mtu akisikia akili bandia anafikiria mashine inayopiga soga. Ile aliyoisomea Mzee Kiasi ni kongwe zaidi, tena nyenyekevu. Vitabu vinaipa majina mazito. Yeye aliiita mantiki ya kiasi. Kompyuta ya kawaida inajua mambo mawili tu, bwawa limejaa au halijajaa. Yake, aliyoilisha kanuni zile, ilijua kwamba maji yakiwa mita kumi na tatu bwawa limejaa kwa kadiri ya sita katika kumi, na saa hiyohiyo halijajaa kwa kadiri ya nne. Kisha kanuni zote arobaini na moja zilisema kwa pamoja, kila moja kwa sauti inayolingana na ukweli wake wa wakati ule. Ni kama ndugu wanaopanga idadi ya wageni wa harusi: shangazi anapaza sauti, mjomba ananong'ona, na mwishowe hesabu inaangukia mahali fulani katikati ambapo kila mtu amesikilizwa kidogo. Jibu likitoka lilikuwa la kawaida kabisa: fungua mlango wa pili, upana wa kiganja.

Mzee wa Milango aliutazama mfumo ule kwa wiki tatu, akiusubiri ukosee. Wiki ya nne alisema, "Inaongea kama mimi, ila haitukani." Mwaka uliofuata kijana alikwenda nyumbani kwake kujitambulisha, maana alikuwa amempenda bintiye. Baba akamuuliza mbele ya ndugu wote kama kweli anampenda. Kijana akajibu, "Kwa kiasi kikubwa." Shangazi mmoja alikwisha kunyanyuka achukue mkoba wake aondoke, lakini Mzee wa Milango alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Kwa miaka thelathini mfumo ule uliendesha milango yetu. Hakuna aliyewahi kutuandikia barua ya shukrani, kwa sababu hakukuwa na cha kushukuru ambacho mtu angeweza kukiona. Mvua ikianza milimani asubuhi, mlango ulifunguka kiganja, mto ukapanda mpaka magotini pale kwenye daraja la miguu, watoto wakavua viatu, wakavuka. Basi. Mtaa wa Bondeni ukaongezeka nyumba. Mzee wa Milango alipostaafu alijenga hukohuko, mita sitini kutoka mtoni. Waliomwonya aliwajibu, "Mkwe wangu yuko kwenye milango."

Mimi niliingia hapa nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mzee Kiasi alinifundisha kwa miaka kumi na mmoja na hajawahi kuniita kwa cheo; hata nilipofanywa mkuu wa kitengo cha mifumo, yaani bosi wake kwenye karatasi, niliendelea kuwa "binti." Nataja cheo hicho kwa sababu yanayofuata nisingeweza kuyatenda bila cheo hicho.

Miaka miwili iliyopita wakaguzi walitaka kujua milango yetu hufunguka kwa kigezo gani. Tuliwapa kanuni arobaini na moja. Walituomba kitu kinachoeleweka kwenye ukurasa mmoja. Kukaitishwa kikao katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili, kile chenye feni moja inayozunguka na moja isiyozunguka. Mkurugenzi wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

"Mzee wangu," alisema, "mimi nataka kujua jambo moja. Bwawa limejaa au halijajaa?"

"Linajaa, mkurugenzi."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Kisha kura ikapigwa ya kuleta mfumo mpya wenye mstari mmoja: chini ya mita kumi na nne milango imefungwa, zikitimia kumi na nne yote minne inafunguka. Nilinyoosha mkono kuunga mkono. Niliamini kwamba kitu kinachoelezeka kwa urahisi ni salama zaidi, na, kama nitasema ukweli wote, nilikuwa nimechoka kuitwa binti mbele za watu. Usukani ukafungwa kwa kufuli. Kufungua kwa mkono kukahitaji idhini ya watu wawili, Mzee Kiasi na mimi.

Jumanne moja ya mwezi wa nne mvua ilianza milimani alfajiri. Kufikia saa saba mchana maji yalikuwa mita kumi na tatu na nusu. Saa nane na dakika nane Mzee Kiasi alinipigia simu. Nilikuwa ofisini, na namba zilezile zilikuwa kwenye kioo cha kompyuta yangu.

"Binti, maji yako kumi na tatu nukta saba, na yanapanda kama maziwa jikoni. Nipe idhini nifungue mlango wa pili. Kidogo tu."

"Mzee, bado hayajafika mstari."

"Mstari hauyajui maji, binti."

"Nikikuruhusu leo, kesho wataniuliza kwa nini tuliununua mfumo. Tusubiri."

Alipiga tena baada ya robo saa. Alipiga mara ya tatu, na safari hiyo hakubishana, alisema tu, "Nakuomba." Nilimwambia tusubiri. Tulisubiri dakika hamsini na mbili. Saa tisa kamili mita kumi na nne zilitimia, na milango yote minne ikafunguka kwa mkupuo, sawasawa na ilivyoagizwa.

Mtaa wa Bondeni ulipoteza watu tisa. Walikuwamo mshonaji na mwanawe mchanga, fundi baiskeli aliyerudi kuchukua spana zake, na Mzee wa Milango, aliyekuwa na umri wa miaka themanini na moja. Alipatikana siku ya tatu, nyuma ya mlango wa nyumba yake. Mlango ule hufungukia nje, na maji yalikuwa yameuegemea.

Mzee Kiasi ndiye aliyemtambua. Mkewe, binti wa marehemu, alimuuliza neno moja tu pale makaburini, mbele yangu: "Ulijua?" Akajibu kwamba alijua. Mkewe alikunja kanga yake, akaenda kukaa kwa kaka yake, na hajarudi mpaka leo.

Tume iliundwa. Mjumbe mmoja alimuuliza kwa nini hakuvunja kufuli, ilhali nyundo ilikuwa imetundikwa ukutani hatua nne kutoka aliposimama. Ukumbi ulikuwa umejaa. Alisema, "Nilikuwa na hakika kwa kiasi." Mtu mmoja nyuma kabisa akacheka. Tangu siku hiyo neno hilo halijamtoka tena kinywani. Kantini akiulizwa sukari, anasema vijiko viwili.

Taarifa ya tume ilisema mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa, na kwamba mvua ilikuwa kubwa kupita kawaida. Mkurugenzi akahamishwa. Mimi nikaandikiwa barua ya kupongezwa kwa kufuata utaratibu. Mfumo wa kiasi haukurudishwa. Mstari ulishushwa tu kutoka kumi na nne hadi kumi na tatu.

Sasa niseme jambo ambalo mhariri hakuniomba. Wiki moja baada ya mazishi nilichukua takwimu zote za Jumanne ile, mvua na maji dakika kwa dakika, nikazipitisha kwenye programu ya zamani ya Mzee Kiasi, ambayo ilikuwa bado imelala kwenye kompyuta ya akiba. Nilitaka kujua ingefanya nini. Ingeanza kufungua mlango wa pili saa nne asubuhi, upana wa kiganja. Saa sita ingeongeza mlango wa tatu. Mto ungepanda mpaka kiunoni kwenye daraja la miguu, na watu wa Bondeni wangelalamika kuhusu viatu. Nilichapa matokeo hayo kurasa tatu. Sikuyapeleka kwenye tume. Yalikaa kwenye droo yangu, chini ya ile barua ya pongezi, kwa miezi kumi na minne.

Mwezi uliopita niliyapeleka. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: tume imekwisha kuvunjwa, na jalada limefungwa.

Ndipo nikampelekea yeye, Jumatatu hii, alipokuwa akifungasha vitu vyake kwenye boksi la karatasi za kuchapia. Havikuwa vingi: mto wa kiti uliofumwa na mkewe, birika la umeme lenye waya uliofungwa kwa utepe, miwani ya akiba. Alisoma kurasa zote tatu akiwa amesimama. Akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena.

"Saa nne asubuhi," alisema. "Saa nne baba mkwe alinipigia simu. Alitaka nimnunulie betri za redio."

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani, lakini yaliyonitoka yalikuwa mawili tu. Alikaa kwenye kiti kisicho na mto, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikikosea hesabu.

"Nikikuambia nimekusamehe nitakuwa nimekudanganya," alisema. "Nikikuambia sijakusamehe, huo pia ni uongo. Kuna siku naamka nikikuchukia. Kuna siku najichukia mimi, maana wewe ulikuwa mbali na nyundo ilikuwa karibu yangu. Sijui hesabu inaangukia wapi, binti. Nilidhani ningekuwa nimeshajua."

Akazikunja zile karatasi, akazitia katika mfuko wa shati. Alinionyesha mahali anapoweka grisi, na jinsi ya kuzungusha usukani wa mlango wa tatu ambao hukwama mtu asipouvuta kwanza kuelekea kwake. Kuanzia Jumamosi atakuwa na chumba kimoja cha kupanga karibu na stendi. Mkewe anajua kilipo. Hajasema kama atakwenda.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne na miezi minne, na hasa kwa ile thelathini ambayo hakuna aliyekushukuru. Kama keki haitakupita kooni siku ya Ijumaa, usijilazimishe, tutaelewa. Hatuna haki ya kukutakia mengi, kwa hiyo tunakutakia hili moja: mvua ikinyesha milimani, upate usingizi.