Vidole Vyangu na Salfa ya Ruzuku

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyetuvusha juma hili tukiwa wazima. Mimi ni Devota, mjane, mnanifahamu. Leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa vidole vyangu. Msicheke, sikilizeni kwanza.

Marehemu mume wangu aliniachia mikorosho hapa Kipatimu. Lakini kinachonipa kula kila siku ni kubangua korosho, nauza kwa abiria pale Nangurukuru. Nanyi mnajua mafuta ya ganda yanavyobabua. Yalinila vidole miaka mingi mpaka vikawa laini kama kokoto ya mtoni.

Basi ikaja salfa ya ruzuku, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho maua yasiharibiwe na ugonjwa. Nikapanga foleni ghalani. Zamu yangu ilipofika nikaweka kidole kwenye mashine inayomtambua mkulima kwa alama za vidole, ikakataa. Nikaweka kingine, ikakataa. Vyote vikakataliwa. Bwana shamba, kijana mpole, akaniambia, "Mama, alama zako zimefutika. Vipumzishe vidole, vikipata ngozi mpya urudi."

"Nitavipumzishaje, mwanangu, na ndivyo vinavyonilisha?"

Ndugu zangu, nilirudi mikono mitupu, na mikorosho ilikwishaanza kutoa maua. Shemeji yangu akaja kunishauri nimuuzie shamba kabla halijageuka pori. Hakuwa na ubaya, alinionea huruma. Nikaingia ndani nikalia mbele za Mungu. Sala ilinishinda, nikabaki kulitaja jina lake tu.

Asubuhi yake akabisha hodi jirani yangu, Bi Somoe, yule Mwislamu anayeuza vitumbua. Nikamweleza yote. Akaishika mikono yangu, akaigeuza juu na chini.

"Kuanzia leo vidole hivi havigusi ganda, wala moto, wala sabuni."

"Na maji atanichotea nani?"

"Mie nipo."

"Na kula?"

"Kwangu kunapikwa kila siku, Devota. Utakula huko."

Ndugu zangu, alifanya hivyo hivyo. Alinichotea maji, akanifulia, na kila jioni alinipaka mafuta ya nazi huku akinipa habari za kijiji kizima. Jumatatu na Alhamisi alikuwa akifunga sunna, na bado mchana alinipikia. Kwa kuwa hakuweza kuonja, mboga ilikuja imejaa chumvi. Nilikula yote. Siku moja alinikuta namenya muhogo, akaninyang'anya kisu, akaninunia mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilicheka peke yangu uani. Tangu tumzike mume wangu sikuwa nimecheka vile.

Ngozi ikarudi polepole. Tukaenda ghalani pamoja. Niliweka kidole kwenye mashine. Kisha bwana shamba akatabasamu. "Imekusoma, mama." Watu wakapiga makofi. Nilipogeuka, Bi Somoe alikuwa amejifunika uso kwa ushungi, analia kuliko mimi.

Sitawadanganya. Mikorosho ya bondeni ilikuwa imekwishaharibika, maua yamekauka meusi. Lakini ya mlimani tuliiwahi. Nilipomwambia shemeji kwamba shamba haliuzwi, alikuja na pampu yake mgongoni, akanipulizia mwenyewe. Nimevuna, ndugu zangu. Nimekula, na akiba nimeweka.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika kukata tamaa. Nawe uliyejifungia na shida yako, ukidhani hakuna anayeiona, mtumaini yeye. Kisha fungua mlango. Akikutumia mtu wa kukubeba, usimuulize anasali wapi, na usione haya kubebwa.

Bi Somoe yuko hapo nje, ananisubiri twende msibani. Tukitoka msalimieni, na watoto mmwamkie. Mumshukuru ninyi, maana mimi nikimshukuru ananifokea.