Kitenge Kilichongoja Mshahara

Bwana Yesu asifiwe. Hao wa nyuma hawajaitika vizuri, nadhani bado wanakwangua tope kwenye viatu. Nawangoja. Bwana Yesu asifiwe tena. Haya, sasa nimewasikia.

Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji ameniomba niseme na vijana wetu waliorudi kutoka vyuoni, hawa waliokaa benchi la pembeni na mashati yaliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Alitaka niwape ushauri wa kazi. Nikamwambia ushauri sina, nina ushuhuda tu, na ushuhuda wenyewe ni wa senene, panzi hawa wetu wa kukaanga. Akacheka, akafikiri natania. Lakini mmeona wenyewe kwamba wiki hii senene zimeanguka, na nusu ya akina mama mliomo humu vidole vyenu bado vinanukia. Kwa hiyo siku yake imefika. Majina sitataja, na anayedhani anamjua mtu humu ndani akae kimya kama Mkristo.

Mimi nilimaliza chuo kikuu mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Kaka zetu waliotutangulia, mtu alikuwa akimaliza serikali inampangia kazi. Alijua anakwenda Dodoma au Mtwara kabla hajafunga sanduku lake. Sisi tulifika mlangoni ukafungwa. Tukaambiwa wafanyakazi wanapunguzwa, ajira zimesimama, rudini nyumbani mtaitwa. Ndugu zangu, neno hilo "mtaitwa" nililibeba kutoka Dar es Salaam mpaka hapa Kanoni kama mtu aliyebeba yai.

Mnakumbuka mlivyonipokea. Mlichinja mbuzi, mkaleta omuramba mtamu wa ndizi mitungi kwa mitungi, na waliokuwa na rubisi, ile pombe ya ndizi, wakaificha nyuma ya migomba mchungaji asiione. Mama yangu, ambaye alikuwa mjane na kile kibanja cha migomba alikilima peke yake mpaka nikasoma, alicheza siku ile nikaogopa ataanguka.

Baada ya sherehe nikaanza kungoja. Asubuhi nikishika jembe, jirani ananipokonya kwa mapenzi kabisa, anasema, "Wewe ni mtu wa ofisi, ukionekana unapalilia migomba tutachekwa sote." Wakati wa kuchuma kahawa nilipewa kiti. Msibani vijana wenzangu wanachimba kaburi, mimi nimeketi na wazee natafuna kamwani, zile buni za kahawa, kama mkwe. Mara ya kwanza niliona aibu, mara ya pili nikazoea, na ya tatu nikawa nakitafuta kile kiti mwenyewe kwa macho.

Msidhani nilikuwa na raha. Nilitamani kazi jinsi mgonjwa anavyotamani chakula alichokatazwa. Nilitamani meza. Nilitamani kuamka na kuwa na mahali ambapo nisipofika nitaulizwa niko wapi. Jioni nilikuwa nakwenda kusimama pale barabarani, basi la kutoka Bukoba likipita natazama anayeshuka, labda ameagizwa neno langu. Vijana, ninyi mnaijua ile njaa ya moyoni. Sitawadanganya kwamba ni ndogo.

Sasa katika kungoja huko alikuwepo binti mmoja. Kwao ni Mabira, lakini alikuwa anasomea uuguzi pale Nyakahanga. Tulifahamiana kwenye kwaya. Alikuwa anatembea upesi, na akicheka huwa anaziba mdomo kwa kiganja kama mtu aliyeambiwa asicheke kanisani. Nilimpenda. Nasema hivyo mbele yenu na mke wangu akiwa amekaa pale, na hadithi hii anaijua, nilimweleza mwenyewe kabla sijawapeleka washenga kwao.

Msimu wa senene wa kwanza tangu nirudi, binti yule alikuja nyumbani siku yake ya mapumziko. Alikuwa na kikapu kidogo kimefunikwa kwa jani la mgomba. Aliamka alfajiri akaingia kwenye majani yenye umande, akazikamata mwenyewe, akazinyonyoa mbawa na miguu, akazikaanga mpaka zikawa na rangi ya kahawia. Nilizila zote, mama akaonja chache tu kwa adabu.

Wageni mliohamia kwetu, niwaeleze. Huku mwanamke akikuletea senene alizozihangaikia, wewe unamletea nguo. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ni namna ya kumwambia nimeona umeamka mapema kwa ajili yangu, na mimi nimeinuka kwa ajili yako. Mke na mume ndivyo walivyofanya tangu zamani, na wachumba wakaiga. Mama aliniambia siku ileile kwamba mkungu mmoja umekomaa, auuze tununue kitenge. Nikamkatalia. Nikamwambia, "Mama, nguo ya kwanza ya mke wangu itatoka kwenye mshahara wangu wa kwanza."

Nilipolisema neno hilo nilijiona mwanamume kweli. Niliona ni heshima kubwa kumpa mtu. Sasa naliona lilivyokuwa.

Msimu wa pili alileta tena. Kikapu kilikuwa kidogo zaidi, na safari hii hakuwa na haraka ya kuondoka. Aliniuliza kama wamekwisha kuniita kazini. Nikasema bado. Akasema mjomba wake kule Mabira ananunua maharage na anatafuta mtu wa kushirikiana naye, tena mtu anayejua hesabu. Nikamjibu kwamba mimi sikusoma miaka yote ile ili nipime maharage. Akasema basi hata shule ile mpya ya wazazi inataka walimu wa muda. Nikamwambia nikianza na ya muda nitaonekana nimekubali kushuka. Kila alilolisema, jibu langu lilianza na "nikipata kazi". Nikipata kazi nitakuja kwenu. Nikipata kazi nitakununulia gauni la gomesi, si kitenge tu. Alitazama chini, akachukua kikapu chake kitupu akaenda.

Msimu wa tatu senene zilianguka nyingi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Vilima vyote vilijaa watu tangu alfajiri. Mimi nilioga, nikavaa shati jeupe, nikakaa mlangoni kumngoja. Jua likapanda, likashuka. Watoto wakapita na ndoo zao, akina mama wakapita na magunia, na harufu ya senene ikatoka kila nyumba isipokuwa yetu, maana mama alikuwa anaumwa goti, hakwenda.

Kesho yake nikaenda Nyakahanga kwa miguu. Alitoka akiwa na sare yake, tukasimama kwenye uzio wa chuo. Nikamwambia mwaka huu sijaona senene. Akasema mwaka huu amezipeleka kwingine, na nguo imekwisha kuletwa, na wazazi wamekubali. Hakusema kwa hasira. Heri angekasirika.

Nikaanza kujieleza. Nikamwambia nilikuwa namtafutia kilicho bora, kwamba ningepata tu ule mshahara angeona. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Mimi sikuwa nangoja mshahara wako. Nilikuwa nangoja nguo. Hata kanga ya kawaida, mradi uwe umeitafuta wewe."

Kisha akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula tangu jana yake.

Vijana, nimeishi na swali hilo mpaka leo. Mtu ambaye nimemngojesha misimu miwili, siku anayoniacha ananiuliza kama nimekula. Njiani kurudi nililia, tena si kwa kificho. Watu wa Mabira waliokuwa wanakwenda sokoni walinipisha njia wakidhani nimefiwa, na sikuwasahihisha.

Nikaingia ndani nikalala. Sikutoka. Ile rubisi iliyofichwa nyuma ya migomba nikajua sasa ilipo, na nikaizoea. Shati jeupe likawa la kulalia. Mama akawa ananiwekea chakula mlangoni. Lakini alfajiri moja kelele zikasikika kutoka kilimani kwamba zimeanguka tena, msimu ukielekea mwisho. Mama akajivuta na goti lake mpaka mlangoni kwangu. Maneno yake nayasema kama alivyoyasema.

"Mwanangu, senene za binti wa watu umekula misimu miwili bure. Mama yake nakutana naye kanisani, na sina macho ya kumtazama. Kazini utaitwa siku utakapoitwa. Lakini hizi zimeshafika, ziko kwenye majani."

Akaniwekea gunia miguuni, akarudi kulala.

Sijui niwaeleze ni nini kilichoniinua. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Niliona tu gunia, na aibu ya mama yangu, nikaona hivyo viwili naweza kuvibeba. Nikatoka. Kule kwenye majani walikuwa wanawake na watoto, wanaume wachache. Waliponiona wakaacha kukamata. Hawakujua wanipokonye gunia au wanipe kiti, na kiti hakikuwepo. Nikainama, nikakosa senene wa kwanza, nikakosa wa pili, suruali ikalowa mpaka mapajani. Bibi mmoja mzee, Mungu amrehemu, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Leo hata shahada imeinama." Kilima kizima kikacheka. Nami nikacheka, na hapo nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau jinsi ya kucheka na watu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliwahi kuijibu methali hiyo kwenye mtihani, nikapata alama zote, na sikuwa nimeinama hata mara moja.

Nilizisafisha, mama akazikaanga, nikazipeleka sokoni Kayanga nikauza. Nikanunua kitenge. Kilikuwa na rangi ya udongo wetu, na maua ya njano. Goti lilipopata nafuu nikampa mama akipeleke Mabira, kwa mama wa yule binti, pamoja na salamu kwamba tumechelewa lakini hatukusahau, na tunamtakia heri huko aendako. Mama alirudi jioni akasema wamepokea. Usiku ule alikula akamaliza sahani.

Mama mmoja mchuuzi pale sokoni alikuwa ameniambia nikipata zaidi nilete. Nikaleta. Senene zilipokwisha akaniuliza habari za maharage. Nikaazima baiskeli, nikaenda Mabira kwa yule yule mjomba niliyemkataa, nikamwomba radhi. Alinitazama sana, halafu akanionyesha magunia. Hakuna aliyenipokonya jembe tena, maana nikitoka sokoni naingia kibanjani na mama. Msibani nikachimba kaburi na wenzangu, na nawaambia udongo ule ulinifariji. Baadaye wakulima wa huko walipounda ushirika wao wakataka meneja. Walioniita hawakuuliza nimesoma nini. Waliulizana tu, "Si ndiye yule wa senene?" Cheti changu wakakiona baadaye, na kikawafaa sana, na kinawafaa mpaka leo. Karatasi yangu ilipata kazi baada ya mikono kupata kazi.

Simaanishi elimu ni bure. Msiende kusema hapo nje kwamba nimewaambia wasomi wote wakakamate panzi. Andikeni maombi, pelekeni vyeti, endeleeni kutamani meza, maana kutamani si dhambi. Mimi nasema habari ya kungoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu iliumiza na tumbo la mtu mwingine. Kazi ikichelewa, usicheleweshe na heshima, na upendo, na mama yako, vyote vikae foleni nyuma ya mshahara. Vingine havitangoja, na ni haki yao kutongoja.

Namshukuru yule bibi wa kilimani aliyenicheka. Namshukuru mama mchuuzi, na mjomba wa Mabira aliyenisamehe bila hotuba. Mama yangu amelala kibanjani karibu na migomba yake, na nikipita hapo asubuhi namwamkia. Namshukuru mke wangu, ambaye kila mwaka ananiletea senene, na kila mwaka nguo yake huwa imeshanunuliwa kabla mvua hazijaanza. Anasema nina wasiwasi kupita kiasi. Ni kweli.

Na yule muuguzi. Alihamia mbali na mumewe. Mwaka juzi nilimwona stendi ya Kayanga, amekuja kusalimia wazazi, ana mtoto mgongoni. Tulisalimiana kama watu wazima, tukaulizana habari za nyumbani. Alipogeuka kupanda gari nikaona alichombebea mtoto. Ni kile kitenge, maua ya njano yamefifia karibu yote, kimefuliwa mpaka kimekuwa laini. Nilisimama pale mpaka gari likapotea. Nilikuwa na huzuni, ndugu zangu, na nilikuwa na furaha, na sikuweza kuzitenganisha.

Kwa hiyo ninyi wa benchi la pembeni, nawatazama tu. Kama yumo kati yenu ambaye wiki hii ameletewa senene, soko lipo kesho. Asingoje kuitwa.