Enock Mbonile, Aliyesikiliza Makofi

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Enock Mbonile anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuchukua na kupima damu za watu hapa Sumbawanga. Wakubwa walitaka wasifu huu uandikwe na mwenye digrii. Nimekataa. Mwenye digrii hajamchemshia chai miaka ishirini.

Alikuja kutoka Mbeya akiwa kijana, na sanduku moja la bati. Miaka kumi na miwili ya mwisho aliwekwa kwenye utafiti wa Pakinsoni, ugonjwa unaomtetemesha mtu mikono na kumfanya mzito wa kutembea. Watu husema amerogwa. Enock alizunguka Ufipa akiwaambia waache ujinga: wataalamu wanatafuta ndani ya damu vinasaba, yaani vile tunavyorithi kwa baba na mama, waone kwa nini nyumba hii wanaugua watatu na ya jirani hakuna hata mmoja. Jibu bado. Msimsumbue kwa hilo, si yeye anayelichelewesha.

Kazi aliijua. Huku kwetu ukimsalimu mkubwa unachuchumaa, unapiga makofi polepole. Wengine waliitikia tu, Enock alisikiliza. Makofi ya mgonjwa huanza vizuri, kisha yanafifia, mikono inafunguka kidogo, kidogo zaidi, kama imesahau. Pale kijijini Pito alimgundua mzee mmoja hivyo, kabla hata hajapewa kigoda.

Makosa alikuwa nayo. Kule Wampembe, ziwani, alibeba sanduku la barafu lisilo lake. Kufungua hapa, samaki, migebuka mitupu. Damu imebaki ziwani kwa wavuvi. Alirudi huko siku hiyo hiyo bila kula. Sisi tulikula.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alinisalimu jikoni, nikasikia makofi yake yanafifia. Nikamwambia palepale, wewe hodari wa kuwasikiliza wenzako, unamficha nani? Akasema ni baridi. Baridi gani, Januari? Tangu hapo nikawa namjazia kikombe nusu asimwage, naye akajifanya haoni.

Jumatano iliyopita aliketi mwenyewe kwenye kiti alichowakalisha wengine. Amekubali niyaandike haya. Nesi Janeth alimtoa damu, kisha wakachora ukoo wake kwenye karatasi, kama inavyofanywa kwa kila mgonjwa. Karatasi za wengine hujaa mpaka pembeni. Yake ina baba na mama, wamepigwa mstari maana wamekufa. Mkewe Rhoda, mstari. Chini yao hakuna kitu. Nafasi ya ndugu wa kupelekewa majibu aliiacha wazi, akarudisha kalamu. Mtu aliyeandika ndugu wa wilaya nzima.

Nikamgombeza Janeth, unatazama nini, andika. Ameandika Emerensiana, wa jikoni.

Basi Enock, ahsante kwa kuwatunza watu na damu zao. Ukaishi vizuri, ule, utembee kila asubuhi kama ulivyokuwa unawaamuru wenzio. Habari za kuhamia Mbeya sahau: majibu yanakuja kwangu, na magoti yangu hayafiki huko. Chai ni saa nne, kama siku zote. Kikombe nusu.