Eyvindur na Namba Kumi na Nne

Tarehe 30 Septemba 1934, baada ya miaka ishirini na saba katika Idara ya Barabara ya mji wetu wa Reykjavík, Eyvindur Hafliðason anakabidhi nyundo na mfuko wake wa misumari. Mimi niliyemshikia ngazi tangu 1910 nimeombwa niandike machache.

Alipoanza, maji yalibebwa kwa ndoo kutoka visimani na mapaa mengi yalikuwa ya nyasi. Kisha yakaja mabomba, gesi na bandari, na watu wakamiminika. Kila nyumba iliyosimama, Eyvindur ndiye aliyeipigilia kibao cha namba. Sidhani kuna jiko mjini ambalo hajanywea kahawa, donge la sukari likiwa menoni.

Jambo moja siwezi kuliruka. Mwaka 1911, Mtaa wa Hamrar, tulipigilia namba 14 kwenye nyumba mpya ya mshona matanga ya mashua. Asubuhi tukakuta kibao kimesimama juu ya mwamba wa jirani, misumari imepangwa kando yake. Tulikirudisha mara tatu. Mara tatu tukakikuta mwambani. Wazee wetu husema miamba mingine hukaliwa na watu wasioonekana; mimi ni mtu wa kanisani, nikasali. Eyvindur alivua kofia, akauambia mwamba, "Mtuwie radhi. Hatukujua mmetangulia." Nyumba ya mshona matanga ikawa 16.

Karani mkuu alimwita.

"Eyvindur, jiwe nalo litaletewa barua?"

"Ikija, nitaipeleka mwenyewe."

Nusura apoteze kazi. Ofisi nzima tulicheka, lakini chumvi ya bahari ilikula vibao vyote vya mtaa ule isipokuwa hicho. Na mwamba wenyewe, ukiuwekea kiganja hata Januari, theluji ikiwa imetanda, ulikuwa na uvuguvugu.

Sasa mtaa unapanuliwa, na mwamba umepangiwa baruti kesho yake tu baada ya Eyvindur kuondoka. Aliomba uachwe, akakataliwa. Kilichomkosesha usingizi ni wale waliomo: sisi ndio tuliowapa anwani, halafu tuwalipue bila taarifa? Barua za kuwaarifu wenye nyumba zilipotoka Juni, aliomba moja zaidi, akaiandika namba 14, akaipeleka mwenyewe na kuibana chini ya kibao. Kesho yake haikuwepo.

"Upepo huo, bwana," nikamwambia.

"Haya, upepo," akajibu, bila kunitazama.

Jumamosi iliyopita nilimsaidia kuhamia nyumba ndogo aliyojijengea nje ya mji, ambako barabara haijafika. Ni mgane, na njia nzima alilalamika kwamba huko hata wa kumsalimia hatampata. Tulifungua lango mchana kweupe. Juu ya mwamba wa uani kilisimama kibao cha namba 14, kimesuguliwa hadi kinang'aa.

Eyvindur akavua kofia. "Basi barua ilifika," akasema, akaingia ndani kutafuta kikombe cha kuwakaribishia majirani.

Nikirudi nilipitia Mtaa wa Hamrar, nikauwekea mwamba kiganja. Ulikuwa baridi kama mwamba mwingine wowote. Nilisali tena, safari hii kwa shukrani.

Eyvindur, ahsante kwa kila mlango. Mungu akulinde huko uliko, akupe siku nyingi na majirani wema. Barabara ikifika, nitakuja kukupigilia namba mimi mwenyewe. Itakuwa 16.

Þorgils Sveinbjarnarson, Idara ya Barabara